Makaa Chini ya Kitanda cha Mzazi

Ukiifungia baridi, usimfungie jirani.

Mliyasikia maneno haya Ijumaa iliyopita, wanangu, Bwana Othman alipoyatamka mbele ya watu waliokuwa wakibishana mlangoni mwa msikiti, huyu akitaka mlango ufungwe, yule akitaka uachwe wazi. Mkacheka. Kisha mkauliza ni methali ya wahenga gani, maana katika visiwa vya wazee wetu hakuna baridi ya kumfanya mtu afunge mlango. Swali lenu ni la haki. Basi jueni kwamba si kila methali imezaliwa zamani, wala si kila mhenga amekwisha kuingia kaburini. Hii imezaliwa papa hapa ugenini, na chanzo chake ni hiki.

Bi Shufaa binti Kombo alikuwa mwanamke wa Wete, kisiwani Pemba, aliyesifika kwa mambo mawili. La kwanza ni kushona kofia za viua, zile ambazo kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka kitambaa kigeuke mfano wa bustani. La pili ni kulea wazazi. Wanawake kumi na mmoja waliojifungua walipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyetoka arobaini akiwa na homa wala maumivu ya mgongo. Kwa hiyo binti yake, Wahida, aliposhika mimba ya kwanza katika mji mmoja wa Kanada, mji ambao wenyeji wake husema Kifaransa, hakuna aliyeuliza nani ataitwa. Bi Shufaa alipanda ndege akiwa na asali, bizari, habasoda na udi, na kofia moja aliyoianza, ambayo alikusudia mkwewe Othman aivae siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina.

Walikaa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya mbao iliyogawanywa makazi matatu. Chini alikaa mwenye nyumba, Mzee Lusieni, mjane asiye na mtoto, aliyeshinda mchana kutwa akichonga bata wa mbao. Katikati alikaa Mama Nsimire, mwanamke wa Bukavu, Mkongo, mfumaji wa sufu, mwenye watoto wanne na sauti ya kutosha kumi. Katika jengo zima ni yeye peke yake, ukiwatoa binti na mkwewe, ambaye Bi Shufaa aliweza kuzungumza naye. Lakini Kiswahili chake kilimfanya Bi Shufaa afumbe macho kila alipokisikia, kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali.

Siku ya tatu tangu mtoto azaliwe, Mama Nsimire alipanda ngazi akaingia pasi na kungoja kukaribishwa, mkononi ana kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Akamnyanyua mtoto, akampima kwa mikono miwili.

"Ee! Mutoto muzuri! Munene kama andazi!"

Hakusema mashaallah. Bi Shufaa alingoja alisikie neno hilo, akalingoja tena, lisije. Alasiri ile mtoto alilia hata sauti ikamkauka. Bi Shufaa akamsomea sura za kinga, akaitia ile kofia ya sufu chini kabisa ya droo ya kabati, akasema, "Mwanamke yule asiingie tena humu mpaka arobaini ipite."

"Mama," Wahida akamwambia, "ndiye aliyenipeleka hospitali uchungu uliponishika, na Othman yuko kazini."

"Ndiyo maana nikasema arobaini. Sikusema milele."

Siku ya tano kulikucha pasi na kucha. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na bado ikianguka, wala haikuanguka kama mvua, kwa kishindo, bali kimya, kama kitu kinachovizia. Magari ya barabarani yalikuwa yamezama hata hayakujulikana kama ni magari. Othman alikuwa ametoka alfajiri kwenda kazini katika kiwanda cha mikate ng'ambo ya pili ya mji. Saa tatu ya asubuhi taa zikazimika. Vyombo vya kupasha nyumba joto, ambavyo vyote vilikuwa vya umeme, vikaguna mara moja, vikanyamaza.

Othman akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ikikatika. "Mama, njia zimefungwa. Mabasi hayaendi. Wanasema umeme huenda usirudi mpaka kesho. Wafunikeni vizuri."

Bi Shufaa aliwafunika. Akamfunika mtoto kwa blanketi, na juu ya blanketi shali, na juu ya shali kanzu ya Othman. Kila baada ya muda mfupi alitia mkono chini ya nguo kuishika miguu yake. Mara ya kwanza ilikuwa ya vuguvugu. Mara ya pili ilikuwa baridi. Mara ya tatu aliiweka mdomoni mwake akaipumulia, na pumzi yake yenyewe akaiona ikitoka kama moshi. Wazazi kumi na mmoja, na hata mmoja kati yao hakumlea ndani ya jokofu.

Ndipo akasikia hodi.

"Mama! Ni mie, Mama Nsimire. Mushuke chini kwa Mzee Lusieni! Yeye iko na jiko ya kuni ya zamani, ile ya dohani. Sisi wote tuko kule. Iko moto sana!"

Bi Shufaa akasimama nyuma ya mlango. Akafikiri juu ya ngazi, na upepo wa ngazini. Akafikiri juu ya chumba kilichojaa watu, na macho yote yale juu ya mtoto ambaye hata jina hajapewa.

"Ahsante, mwanangu," akajibu, mkono wake ukiwa juu ya kitasa usikizungushe. "Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Sisi tu salama."

"Mama, baridi hii haijui arobaini!"

"Tu salama, nimesema."

Nyayo zikashuka. Wahida, ambaye meno yake yalikuwa yakigongana, akasema toka kitandani, "Mama, tungekwenda tu."

"Mwanangu, nilikuleta duniani mimi, nitashindwa kukutia joto?"

Sasa, wanangu, sikilizeni kosa lilipoingia, maana liliingia kwa mlango wa ujuzi. Kwetu mzazi huwekewa makaa chini ya kitanda, ili joto limkaze mwili na kumrudishia nguvu. Bi Shufaa alikuwa amelifanya jambo hilo mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kwa heri. Lakini nyumba alizolifanyia zilikuwa nyumba za makuti, ambazo kati ya ukuta na paa pana uwazi wa kupita paka, na hewa huingia na kutoka kama mwenye nyumba. Nyumba ile ya ugenini ilijengwa ili hata sindano ya upepo isipite. Tofauti hiyo hakuna aliyemfundisha, wala hakumwuliza mtu.

Penye roshani palikuwa na jiko dogo ambalo Othman hulitumia kuchomea mishikaki wakati wa joto, na mfuko wa makaa. Bi Shufaa akatoka nje kwenye theluji na viatu vya plastiki, akayawasha makaa palepale, akayapepea kwa kipande cha boksi hata yakawa mekundu yote, hayana moshi hata uzi. Alijua kwamba moshi ni mbaya kwa mtoto. Yalipokwisha kusafika ndipo akaliingiza jiko chumbani, akalisukuma chini ya kitanda. Kisha akachukua kanga, moja baada ya moja, akaziba chini ya mlango wa ngazini, akaziba pembe za madirisha, akazisukumiza kwa ncha ya kisu.

Joto likaja. Lilikuja taratibu, likapanda magotini, likafika kifuani. Wahida akaacha kutetemeka, akafumba macho. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza. Bi Shufaa akasema alhamdulillahi, akaketi juu ya kiti kando ya kitanda, akatoa kofia yake kuendelea na viua, maana zilibaki siku mbili tu.

Lakini hofu haikumtoka. Alitoboa kitundu, akainua macho kumtazama mtoto. Akazungusha uzi, akamtazama tena. Kichwa kilianza kumgonga, akasema ni usingizi wa usiku wa jana. Akahesabu viua vya safu, akapata tisa palipotakiwa kumi na viwili. Akafumua, akahesabu tena, akapata kumi na vinne. Katika miaka arobaini ya kushona hajapata kukosea safu. Sindano ikamchoma kidole, na yeye akaitazama damu kwa muda mrefu, kama damu ya mtu mwingine. Nje theluji iliendelea kuanguka. Ndani kulikuwa kimya. Hata kile kimya akakishukuru.

Hodi ikapigwa.

"Nani?" Sauti yake ilitoka mbali.

"Ni mie tena. Nimeleta supu."

"Iache hapo mlangoni, Mungu akulipe. Mzazi amelala."

Upande wa pili ikasikika pumzi, kama ya mtu anayenusa penye ufa.

"Mama. Munawasha makala?"

"Makaa mekundu. Hayana moshi. Sisi tunajua kulea wazazi."

"Hapana! Ile ya bila moshi ndiyo mubaya! Fungula, Mama."

Bi Shufaa akaona hasira zikimpanda juu ya kule kuumwa kichwa. Juzi lilikuwa jicho, leo ni amri. "Nenda zako, mwanamke. Utamwamsha mtoto."

"Mutoto analia?"

"Ametulia."

"Na Wahida?"

"Amelala, nimekwambia."

"Mwamushe." Sauti ile iliyozoea kutosha watu kumi ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu mmoja tu, mwenye hofu. "Mwamushe nisikie sauti yake, Mama. Neno moja tu. Atukane hata. Nitaenda zangu, nakuapia, sitarudi tena kupiga hodi kwenu."

Ilikuwa bei nyepesi ya kumwondoa. Bi Shufaa akanyoosha mkono, akamgusa binti yake begani.

"Wahida. Ewe Wahida. Mjibu huyu atuondokee."

Wahida hakujibu. Akamtikisa. Kichwa kikaenda upande wa kulia, kikarudi, kama cha mwanasesere. Akajaribu kuliita jina lake kwa kelele, na sauti haikutoka. Akamfunua mtoto; mtoto alikuwa amelegea, kinywa ki wazi, na katika uso ule mdogo hapakuwa na jambo lolote, si kilio wala usingizi.

"Mama?" ilisema sauti ya mlangoni. "Sijasikia sauti yake."

Bi Shufaa aliinuka, miguu ikamkataa. Akaanguka kwa magoti. Baina ya kitanda na mlango hapakuzidi hatua nane, na alizikwenda kwa viganja na magoti, akivuta shahada kwa kila hatua, maana alidhani hatafika. Alifika. Akapapasa kitasa, akakizungusha. Mlango haukufunguka. Zile kanga alizozishindilia kwa kisu zilikuwa zimeukaba, nguvu za kuzichomoa hana.

"Sukuma," akasema, na hakujua kama amesikiwa. "Sukuma, mwanangu."

Mama Nsimire alisukuma kwa bega, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mlango ukaachia ukafunguka, na bakuli la supu likaviringika ngazini. Hakumtazama Bi Shufaa. Alimruka, akaenda madirishani, akayafungua yote. Upepo ukaingia na theluji, ikatua juu ya kitanda, juu ya shali, juu ya nywele za Wahida.

"Utamuua kwa baridi!" Bi Shufaa alilia.

"Baridi inaua polepole, Mama. Hii inaua mbio!"

Akambeba mtoto ndani ya gauni lake, akaita kwa Kifaransa chini ya ngazi. Mzee Lusieni akapanda, miaka sabini na tano na maranda ya mbao juu ya fulana, akamchukua Wahida mabegani kama gunia. Bi Shufaa alishuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza kutembea.

Chumba cha Mzee Lusieni kilikuwa na joto, na jiko la chuma ambalo bomba lake lilikwenda juu mpaka nje ya paa, likitoa nje kila lililo baya. Bata wa mbao walipangwa dirishani. Watoto wa Mama Nsimire walikuwa wamekaa chini na madonge ya sufu. Wakaacha kufuma, wakatazama. Wahida alilazwa penye mlango uliofunguliwa nusu, apate hewa; baada ya muda akatapika, akafungua macho, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa juu ya mapaja ya Mama Nsimire, ambaye alimsugua mgongo kwa vidole viwili, akampulizia usoni, akamsugua tena. Mzee Lusieni alishika simu sikioni, akisema maneno ambayo Bi Shufaa hakuyajua, ila alijua kuwa ni ya kuomba. Na yeye mwenyewe, ambaye siku mbili alimwomba Mola amnyamazishe mtoto yule, sasa alipiga magoti mbele yake akiomba kinyume chake.

"Lia, bibi yangu. Lia. Walize majirani wote, ulie."

Mtoto akakunja uso. Mkono wake mmoja ukatingishika. Kisha akalia, kilio chembamba, cha kukwaruza, kama mlango wa zamani, na Mama Nsimire naye akaangua kilio cha kwake, na watoto wake wote wanne.

Gari la wagonjwa lilifika saa nzima baadaye, lilipofunguliwa njia na mashine ya kuzoa theluji. Walipokuwa wakilingoja, Bi Shufaa alimwuliza Mama Nsimire alijuaje.

"Dada yangu, kule Bukavu. Milimani iko baridi. Alifunga mulango na makala ndani, yeye na watoto wake wawili. Mie nilipiga hodi, nikafikiri wamelala. Sikutaka kusumbua watu." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikarudi kwangu."

Bi Shufaa alikuwa mtu aliyesoma, akijua kwamba jicho la husuda ni haki, lipo kweli, na akijua vilevile kwamba dhana mbaya ni dhambi; ila siku zile mbili aliikumbuka haki akaisahau dhambi.

"Nilikudhania vibaya, mwanangu. Nilidhani umemtia mtoto jicho."

"Nilijua! Siku ile uliangalia mikono yangu kama nimeshika kisu."

"Na bado ukarudi kupiga hodi?"

"Sasa ningefanya nini? Nikasirike, halafu mufe?"

Wahida, mgonjwa vile alivyokuwa, akacheka. Madaktari waliwapa wote watatu hewa ya kuponyea, wakawalaza usiku mmoja, wakawarudisha nyumbani salama. Othman alifika hospitali jioni ile kwa miguu, amekwenda saa nne ndani ya theluji, na alipowaona hai alikaa chini ukumbini, koti lake bado limeganda, akasujudu hapohapo.

Siku ya saba ikawadia. Umeme ulikuwa umerudi, lakini theluji ilikuwa bado imefika magotini, na upepo ulivuma ngazini. Bi Shufaa aliketi sebuleni akimaliza safu ya mwisho ya viua. Mtoto alikuwa mikononi mwa mamaye, akingojea jina lake. Othman, ambaye baada ya msiba ule uliokosakosa alikuwa akiogopa kila kitu, aliusikia mlango ukipigwapigwa na upepo, akaenda kuufunga. Akaufunga vizuri, kisha akazungusha ufunguo mara mbili, akavuta na komeo.

Bi Shufaa akaiweka kofia chini.

"Othman, mwanangu. Unamkomea nani?"

"Baridi, Mama. Isije ikampata mtoto."

"Baridi haina mkono wa kuzungusha kitasa. Kwa baridi, kufunga kunatosha." Akainuka kwa shida, akaenda mlangoni, akalirudisha komeo, akazungusha ufunguo mara mbili kwa upande wa pili, akaung'oa ufunguo akautia mfukoni mwa gauni lake. Mlango akauacha umefungwa. "Ukiifungia baridi, usimfungie jirani."

Hakuwa ametunga shairi, wanangu. Alikuwa akimwonya mkwe. Lakini Wahida aliyarudia maneno yale kwa shoga zake, na shoga zake kwa waume zao; Mama Nsimire akayapeleka kanisani kwake kwa Kiswahili chake, na husema huko yanapendeza zaidi. Watu waliyatumia kwanza wakati wa theluji tu. Baadaye wakayatumia kwa kila ajilindaye na shari moja akaifungia nje na heri iliyokuwa ikija kumwokoa: anayewaogopa wezi hata asimjue jirani yake, anayeogopa maneno ya watu hata asimwambie mtu ugonjwa wake.

Kwa hiyo Bwana Othman aliposimama Ijumaa ile baina ya wanaotaka mlango wazi na wanaotaka mlango ufungwe, hakuwa akiwafanyia mzaha. Aliurudisha mlango kuzuia upepo, mkauona mkono wake ukibaki juu ya kitasa, tayari kwa yeyote atakayepiga hodi. Mara hiyo aliyasema yale aliyoambiwa na mkwewe, na sasa nanyi mnajua aliyanunua kwa thamani gani.

Ukiifungia baridi, usimfungie jirani.